Jua la Saa Sita Juu ya Farm 17

Momela ilinichukua jioni moja tu. Niliipeleka Cessna 172 ya simuleta juu ya yale maziwa madogo yaliyo mguuni pa Mlima Meru, nikaizungusha taratibu mpaka mlima ukakaa nyuma ya mbuga kama unavyokaa kwenye Hatari!, filamu ya Howard Hawks iliyotoka mwaka 1962, ile ya John Wayne na vifaru wake. Mlima wenye zaidi ya mita 4,500 hauna pa kujificha. Ukishaupata umepata kila kitu: upande, umbali, hata mahali kamera iliposimama. Nachingwea, huku Kusini mwa Tanzania, imenichukua wiki sita, na mpaka leo kuna fremu moja inanitoa jasho.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mashabiki wa simuleta za ndege huchukua picha iliyogandishwa kutoka filamu ya zamani, wakaruka hadi ilikopigwa, wakajaribu kuisimamisha kamera ya kompyuta palepale aliposimama mpiga picha. Afrika Mashariki ina chakula cha kutosha kwa kazi hii. Ipo The African Queen ya John Huston, 1951, iliyopigwa Uganda na Kongo. Ipo Out of Africa ya 1985, na ile ndege yake ndogo ya njano. Na ipo Serengeti darf nicht sterben ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, ambayo kwangu ndiyo mama yao wote, kwa sababu ndege yenyewe ni mhusika: Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya punda, usajili D-ENTE. Neno Ente kwa Kijerumani ni bata. Michael alianguka nayo tarehe 10 Januari 1959 baada ya kugongana na tai, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na mwaka uliofuata filamu ikatunukiwa Oscar.

Filamu hizo zote zinampa mtafutaji kitu cha kushika, kama si mlima basi kreta. Hata Maporomoko ya Murchison ya kwenye The African Queen, ambayo kwenye kompyuta yangu yanaonekana kama picha ya maji iliyobandikwa kwenye mteremko, angalau yana mahali pamoja tu duniani yanapoweza kuwa. Nachingwea ni tambarare, miti, na mbingu.

Lakini filamu inazo. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliweka hapa kambi yake kuu ya mafunzo kuanzia 1965, na kamera zikafika. Dragutin Popović wa Yugoslavia ana filamu inayoitwa kwa jina la mji wenyewe, Nachingwea, na nyingine, Do Rovuma ao Maputo, inayomfuata Samora Machel katika safari aliyoianza tarehe 24 Mei 1975 na iliyoishia kwenye uhuru wa Msumbiji tarehe 25 Juni. Kabla yake Robert Van Lierop, mwanasheria Mmarekani mweusi, alipitia Tanzania kwenda maeneo yaliyokombolewa kupiga A Luta Continua. Hazikuwa filamu za kununulia bisi na soda Jumamosi jioni, ila kwa mtu wa Kusini ndizo filamu zetu za kale.

Fremu inayonihangaisha ni ya gwaride la enzi hizo, kipande cha sekunde chache kisicho na maelezo: mistari ya vijana, vivuli vifupi, ukuta wa miti nyuma. Basi.

Nilianza na lenzi, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kamera nyepesi za wakati ule zilitumia mkanda wa milimita 16, ambao fremu yake ina upana wa kama milimita 10. Ukiifunga lenzi ya kawaida ya milimita 25, kamera inaona pembe ya nyuzi 23 hivi tu. Simuleta ikiwashwa inakufungulia pembe pana zaidi ya mara mbili ya hiyo, ili rubani aone dashibodi na dirisha kwa pamoja. Matokeo yake miti inaonekana mbali mno, na mtu anasogeza ndege mbele. Hilo ndilo kosa. Ukisogea badala ya kubana pembe, mti wa mbele unanenepa na wa nyuma unabaki vilevile, na fremu haitafanana kamwe hata ukeshe. Kwa kupima natumia X-Plane au FlightGear, kwa sababu unaandika nyuzi unazotaka. FlightGear ni ya bure, jambo ambalo mwandishi wa makala hawezi kulidharau. Microsoft Flight Simulator naiacha kwa urembo. Inavuta picha za ardhi kupitia intaneti kadiri unavyoruka. Siku moja bando langu likakata juu ya Mto Lukuledi, na bonde zima likageuka uji wa ulezi.

Upeo wa macho ndio rula ya pili. Kwenye nchi tambarare, chochote kinachokatwa na mstari wa upeo kinakatwa kwenye kimo kilekile cha kamera. Mstari ukipita kwenye vipaji vya nyuso za askari, mpiga picha alikuwa amesimama kama wao. Ukipita juu ya vichwa vyao, alipanda kitu: gari, jukwaa, kichuguu. Kwenye fremu yangu miti inaufunika upeo, lakini ukifuata safu za gwaride mpaka zinapoelekea kukutana, unaupata uleule. Unapita juu ya vichwa kwa kama nusu ya urefu wa mtu. Nadhani ni Land Rover, ingawa kichuguu cha Nachingwea nacho si cha kudharau.

Halafu jua. Hapa ndipo simuleta inapolipa gharama zake zote, kwa sababu inajua jua lilipo kila siku ya mwaka, kila dakika, bila kubahatisha. Nachingwea iko nyuzi 10 na ushee kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Mei jua letu la mchana liko upande wa kaskazini, kama nyuzi 59 juu ya upeo, na linafika kileleni saa sita na dakika 22 hivi, si saa sita kamili, kwa sababu saa ya taifa imepangwa kwa mstari ulio mashariki yetu. Mtu wa sentimita 170 anatupa kivuli cha kama mita moja, kikielekea kusini. Desemba mambo yanageuka: jua linasimama upande wa kusini, nyuzi 77, na kivuli cha mtu yuleyule ni sentimita 40 tu, kikielekea kaskazini. Tofauti hiyo inaonekana hata kwenye nakala mbovu ya filamu.

Vivuli vya gwaride langu ni kama asilimia 60 ya urefu wa vijana. Nilishangilia. Kisha nikajirudi, kwa sababu kivuli cha kiasi hicho kinapatikana pia Desemba kwenye saa nne za asubuhi. Urefu peke yake hautoshi, lazima ujue kinaelekea wapi. Na ili ujue kinaelekea wapi, lazima ujue kamera ilitazama wapi. Na Nachingwea haina mlima.

Nikahamia kwenye majani. Kusini tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, unaokoma karibu na Aprili au Mei. Mwishoni mwa Mei nyasi bado ndefu, zimeanza kugeuka rangi. Septemba msitu wa miombo umepukutika na ardhi imeungua kwa moto wa mashamba. Kila kipande cha picha ya setelaiti kilicholazwa chini ya simuleta kilipigwa siku moja tu, na siku hiyo si yako. Ukitoka HTNA, ndivyo uwanja wetu unavyoandikwa kwenye ramani za marubani, hadi Ruangwa ni kama kilomita 40 kwa mstari ulionyooka, dakika 12 kwa Cessna. Katikati ya safari hiyo, kwenye programu niliyokuwa nayo, kuna mshono: upande wa Nachingwea ardhi ni kahawia ya kiangazi, ukivuka hatua moja Ruangwa ni kijani kibichi kama jana mvua imenyesha. Ukiyaamini macho utasema mkulima wa Ruangwa kabarikiwa kuliko mwenzake. Ruangwa ya sasa yenyewe, na uwanja wake wa mpira na mabati yake yanayong'aa, lazima uifute karibu yote ukitaka kuruka Mei 1975, wakati haijawa hata wilaya. Kufuta ni kazi ngumu kuliko kujenga. Mikorosho peke yake ilinila siku tatu.

Aliyenitoa kwenye mkwamo ni jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, aliyepita barazani nikiwa nimeinamia laptopu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unarusha ndege ya nani, mjukuu wangu?"

Nikamweleza. Akavuta kigoda, akatazama skrini muda mrefu, kisha akaweka kidole juu ya mstari mwembamba uliokuwa ukitoka mjini kuelekea pwani. Mimi nilikuwa nimeuchora kama barabara ya zamani.

"Hii si barabara. Barabara inakata kona inapotaka. Hii inapinda taratibu kama mtu aliyebeba maji kichwani. Hilo tuta la treni."

Alikuwa sahihi kabisa, na ni aibu kwamba sikuliona mwenyewe. Gari-moshi haliwezi kona kali, kwa hiyo njia yake huacha mapinde mapana ambayo hakuna mchora barabara wa vijijini angejisumbua nayo. Reli ile ililetwa na Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa Januari 1951, Nachingwea ikiwa moja ya maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Urambo. Mataruma yalipong'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kilichobaki ni tuta, na kata inayoitwa Stesheni isiyo na treni. Farm 17, palipokuwa na kambi ya FRELIMO, nayo ni jina lililobaki na namba yake.

Kwa nini simuleta haikulionyesha tuta? Umbo la ardhi tunalorukia limetokana kwa sehemu kubwa na rada iliyobebwa na chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000, siku 11 za kuizunguka dunia. Vipimo vyake vina nukta moja kila mita 30 hivi. Tuta lenye upana wa mita chache linapita katikati ya nukta hizo kama dagaa kwenye jarife. Na penye msitu mzito rada inagonga matawi kabla ya udongo, hivyo unachodhani ni kilima huenda ni vichwa vya miti. Kwenda Mueda ng'ambo ya Rovuma, kama kilomita 170, dakika 50, kasoro hizo hazina uzito, kwa sababu uwanda wa juu wa Mueda unainuka mbele yako kama ukuta na fremu zinajipanga zenyewe. Hapa nyumbani zina uzito wote.

Nimelichora tuta kwa mkono, nukta kwa nukta, nikimfuata babu. Sasa nina mstari mmoja ninaoujua mwelekeo wake, na ukuta wa miti wa kwenye fremu unaweza kuwa sambamba nao, au usiwe. Ukiwa sambamba, najua kamera ilitazama wapi, na gwaride lilikuwa la mchana wa mwishoni mwa Mei. Usipokuwa, narudi kwenye asubuhi ya Desemba. Nimejaribu zote mbili kwenye skrini, na kila moja inanishawishi kwa saa moja.

Kwa hiyo tarehe 24 Mei naenda Farm 17 kwa bodaboda, na fimbo ya mita moja na futi kamba, niwepo kabla ya saa sita na dakika 22. Babu amesema atakuja pia, ila nimtafutie kofia.