Nidhamu katika Darasa la Tamthilia: Nafasi ya Msimulizi katika Nguzo Mama

Katika ufundishaji wa tamthilia, nidhamu mara nyingi huchukuliwa kuwa ni ukimya: wanafunzi waketi, wasikilize, kisha wanukuu dhamira na sifa za wahusika. Mtazamo huo unakinzana na asili ya utanzu wenyewe. Tamthilia huandikwa ili itendwe, na utendaji hauwezi kufanyika pasipo sauti, mwendo na kicheko. Mwalimu anayeadhibu kelele zote huishia kuadhibu pia somo alilokusudia kulifundisha.

Dorothy Heathcote, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Newcastle nchini Uingereza, alipendekeza mwalimu avae uhusika na kuliongoza darasa akiwa ndani ya mchezo. Mbinu hiyo huhesabiwa kuwa ngeni katika shule za Tanzania. Hata hivyo, Nguzo Mama ya Penina Muhando (1982) inaonesha kuwa msingi wake umo katika utambaji. Bi Msimulizi yumo ndani ya mchezo na papo hapo yu nje yake: husimulia, huhoji na kuihusisha hadhira na jitihada za wanawake wa Patata za kuisimamisha nguzo. Mamlaka yake hayatokani na fimbo. Yanatokana na mapatano ya fanani na hadhira, yaleyale ambayo kwayo mwito wa "Paukwa!" hupata jibu la "Pakawa!" na watu wakatulia kwa hiari.

Muhimu zaidi, tamthilia hiyo inampa nafasi Chizi. Mtu ambaye jamii ingemtoa barazani anabakizwa, na maneno yake yanakuwa sehemu ya maana. Kwa mwalimu, hili ni funzo zito: mwanafunzi anayekatiza zoezi huenda anahitaji uhusika kuliko kutolewa nje.

Pamoja na hayo, mbinu hii ina mipaka. Mwito ukigeuzwa kuwa kipyenga cha kunyamazisha, hautofautiani na amri. Aidha, uhusika unaweza kuwa kichaka cha kujifichia. Mvulana anayeigiza mume mkorofi akimtusi msichana wa darasani kwa jina lake halisi, huyo haigizi tena. Hapo mwalimu hana budi kuusimamisha mchezo, kuwavua wote uhusika na kulijadili tendo lenyewe waziwazi.

Suala hili si la mbinu pekee. Kanuni za mwaka 2002 nchini Tanzania zinaruhusu viboko visivyozidi vinne kwa idhini ya mkuu wa shule, vikikusudiwa makosa makubwa. Pale kicheko cha mazoezini kinapohesabiwa kuwa kosa la namna hiyo, mwanafunzi hujifunza kuwa kusema mbele ya wenzake ni hatari. Wanawake wa Patata hawaishindwi nguzo kwa sababu ya kelele. Wanaishindwa kwa kukosa umoja. Kwa hiyo, nidhamu ya darasa la tamthilia ipimwe kwa uwezo wa wanafunzi kubeba kazi pamoja, si kwa kiwango cha ukimya wao.