Bunifu si bunilizi

Mhariri mmoja aliwahi kuandika neno moja la Kiingereza pembeni mwa insha yangu kuhusu bibi: "imaginative". Alikuwa amepigia mstari aya niliyosema kwamba ungo wa bibi, akipepeta mchele, ulipiga ngoma. Nikaifuta aya nzima. Nilidhani ananiambia nimetunga, ilhali bibi huyo nilimwona kwa macho yangu. Kumbe alikuwa ananisifu. Neno nililoliogopa ni ndugu yake, "imaginary".

Maneno haya yana mzizi mmoja lakini hayafanyi kazi moja. "Imaginary" hueleza kitu kilichopo akilini tu. Ikweta ni mstari wa namna hiyo: pale Nanyuki watu hupiga picha kwenye kibao, lakini ardhini hakuna mstari wowote. "Imaginative" humweleza mtu, au kazi yake, kwa wepesi wa kuona walichokipita wengine. Mstari ni "imaginary". Anayejipatia riziki kwa kuwaonyesha watalii maji yakizunguka pande zake mbili ni "imaginative".

Kosa langu lilitokana na kitenzi chetu "kubuni", kinachobeba sifa na shutuma pamoja. Aliyebuni mbinu tunampongeza. Aliyebuni ushahidi tunamshtaki. Hata hivyo, wahakiki wetu wameshatupa jozi: "bunilizi" kwa kisichotokea, "bunifu" kwa kilichotazamwa upya.

Shaaban Robert aliandika pande zote mbili. Kusadikika, nchi inayoelea angani, ni bunilizi na ni bunifu: jina lake linatualika tuisadiki, na kesi ya Karama inatufanya tuzitafakari serikali za ardhini. Lakini aliandika pia wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa kweli wa Unguja aliyeuza vyungu kabla ya kuvuma kwa uimbaji. Katika wasifu, ubunifu haumo katika kuzua matukio, umo katika kuyachagua, kuyapanga na kuyatazama. Kinyume chake pia kipo: hadithi ngapi za binti maskini na kijana tajiri ni bunilizi mwanzo hadi mwisho, bila chembe ya ubunifu?

Kwa sisi tunaoandika ya kweli, mpaka uko hapo. Sina haki ya kumvalisha bibi kanga ambayo hakuivaa. Kusikia ngoma katika ungo wake, hiyo ni haki yangu. Ile aya nimeirudisha.