Balalaika Si Zeze: Uhakiki wa Jina la Ala

Mfasiri anapokutana na ala ya muziki ya kigeni hushawishika kuipa jina la ala yetu, kisha kuliongezea jina la taifa. Kwa njia hiyo balalaika ya Warusi hugeuka kuwa "zeze la Kirusi". Jina hilo lapendeza masikioni, kwani halina neno geni. Hata hivyo, yatupasa kulipima kwa kipimo cha istilahi: je, lamfikisha msomaji kwenye kitu kinachokusudiwa?

Tumfikirie mwalimu wa Likawage, bara ya Kilwa, anayewasomea wanafunzi kifungu chenye maneno hayo, wala hana picha ya kuwaonyesha. Mwanafunzi ajuaye zeze atafikiria kibuyu. Zeze la ubao, ambalo uzi wake hudonolewa kwa kidole, hukuza sauti kwa kibuyu. Na zeze la Wagogo, lisuguliwalo kwa upinde, ambalo marehemu Hukwe Zawose alilifikisha katika majukwaa ya ng'ambo, nalo lina kibuyu. Balalaika haina. Kiwiliwili chake ni cha mbao, chenye umbo la pembetatu. Ina shingo na nyuzi tatu, nayo hupigwa kwa vidole bila upinde. Umbo lake la leo lilitengenezwa na Vasily Andreyev na mafundi wake katika miaka ya 1880. Waliunda balalaika za ukubwa mbalimbali, hata za besi, na mwaka 1888 kikundi chake kikazipiga pamoja mbele ya hadhira.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Warusi wana pia domra, yenye kiwiliwili cha mviringo. Gusli, yenye nyuzi nyingi zilizotandazwa juu ya ubao. Na gudok, ipigwayo kwa upinde. Je, zote ziitwe mazeze ya Kirusi? Kama jina hilo lingestahili kutolewa, gudok ingekuwa na haki kuliko balalaika, kwa sababu ya upinde wake. Tena kitenzi chetu hakitusaidii kuzipambanua: twapiga zeze, twapiga gitaa, twapiga hata ngoma. Kazi yote ya kupambanua yaliangukia jina.

Wako watakaosema kwamba kupokea neno geni ni uvivu. Hatukubaliani nao. Kiswahili kilipokea udi, gambusi, fidla na gitaa bila kupungukiwa. Kinyume chake, tazama neno kinanda: zamani lilitaja ala ya nyuzi katika pwani yetu, kisha likapewa piano na ogani, na leo wengi hawaijui maana ile ya kwanza. Jina likiazimwa ovyo, mwenyewe huweza kulikosa.

Kwa hiyo twapendekeza balalaika ibaki balalaika: balalaika hii, balalaika hizi, mpiga balalaika. Inapotajwa mara ya kwanza, ifafanuliwe kuwa ni ala ya Kirusi ya nyuzi tatu yenye kiwiliwili cha pembetatu. Jina la jumla liwe ala ya nyuzi. Nalo zeze liachiwe wenyewe, ili mtoto wa Likawage alisikiapo ajue kwamba linalotajwa ni lile la kibuyu.