Mkazo wa Neno na Pigo la Wimbo: Ufundi wa Kwaya katika Pwani ya Lindi

Kwaya ya shule au ya kanisa katika mkoa wa Lindi, iwe Kilwa Masoko au Nyangao, mara nyingi hujifunza wimbo mpya bila kinanda na bila karatasi yenye mistari mitano ya muziki, nayo huweza kufanya hivyo kwa sababu ya utaratibu wa kuandika sauti kwa herufi, ambao wanakwaya huuita kwa kifupi nota. Utaratibu huo, uliobuniwa na Sarah Ann Glover wa Norwich, Uingereza, na kuenezwa na mchungaji John Curwen kuanzia miaka ya 1840, hutumia herufi d, r, m, f, s, l na t kwa ajili ya do, re, mi, fa, so, la na ti; nukta mbili hutenga pigo na pigo, mstari wa wima hutangulia pigo zito, na kistari huonyesha kwamba sauti iliyotangulia ingali inashikiliwa. Do yenyewe haina makao ya kudumu, kwani mwalimu huipandisha au kuishusha kulingana na makoo aliyo nayo mbele yake, na kwa hiyo watoto wa darasa la tano na wazee wa parokia huweza kuimba kutoka ukurasa uleule. Ubao, chaki na daftari vinatosha.

Uimbaji wa kwaya uliingia ukanda huu pamoja na misheni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliteremka Lindi akiwa na watu waliokombolewa utumwani, ambao walianzisha makazi yao Masasi, na watawa Wabenediktini wa St. Ottilien walifungua kituo cha Lukuledi mwaka 1895, kisha Nyangao, na baada ya vituo hivyo viwili kuharibiwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, wakaanzisha Ndanda mwaka 1906. Nyimbo nyingi za tenzi zilizoimbwa katika vituo vya namna hii zilikuwa na maneno yaliyofasiriwa kwa Kiswahili na tuni zilizobaki za Ulaya, na ndani ya ndoa hiyo ulikuwamo mgongano ambao kila mwalimu wa kwaya hukutana nao hadi leo.

Mgongano huo unatokana na mkazo, yaani silabi inayotamkwa kwa nguvu kuliko nyingine katika neno. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa nadra sana hukiuka kanuni hiyo, kama katika neno barabara, ambalo likikazwa kwenye silabi ya tatu ni njia ya magari na likikazwa kwenye silabi ya pili ni sawasawa. Tuni nyingi za Kiingereza zenye mistari ya silabi nane na sita huanza kwa pigo jepesi, na pigo zito huangukia silabi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane. Mtu akiutia katika tuni ya namna hiyo mstari kama «Watu wote waje hima», ambao una silabi nane kamili, kwaya italazimika kuimba waTU woTE waJE hiMA, na kila neno litakuwa limekazwa pasipo mahali pake. Mstari huohuo ukipewa tuni inayoanza kwa pigo zito hukaa bila kusukumwa. Wafasiri hawakuwa wavivu. Walihesabu mizani kwa uaminifu mkubwa, lakini kuhesabu silabi si sawa na kupima uzito wake. (Mshairi wa pwani naye anaijua mizani nane, kwa kuwa ndiyo mizani ya kawaida ya mshororo wa utenzi, lakini utenzi hughanwa kwa kufuata pumzi, wala hakuna pigo la kudumu linaloweza kugombana na neno.)

Ugumu huongezeka katika ubeti wa pili. Ukurasa wa nota huwa na safu nne za herufi, yaani sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, na maneno ya ubeti wa kwanza hupangwa silabi kwa silabi pamoja nazo, huku beti nyingine zikiandikwa chini kama shairi la kawaida. Palipokuwa na neno nyumba, lenye mkazo mwanzoni, ubeti wa pili unaweza kuleta nyumbani, ambamo mkazo umehamia mba, na herufi zilizo juu hazisemi lolote kuhusu badiliko hilo. Hapo ndipo mwalimu mzuri hujulikana, maana husimamisha mazoezi, akaigawa sauti moja iwe mbili au akaianza silabi nyepesi kabla ya mstari wa wima, ili mkazo uangukie pigo zito.

Watunzi wenyeji walipata nafasi pana zaidi baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao hati yake ya liturujia ya Desemba 1963 ilitambua muziki wa mataifa mbalimbali. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga wa Tanzania alichapisha kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Watunzi hao wenyeji walianza na neno. Miisho ya nyimbo nyingi za Kiswahili zilizotungwa tangu wakati huo ina umbo moja linalopendeza sana: silabi ya pili kutoka mwisho huangukia pigo zito na kuvutwa kwa vistari, kisha ya mwisho hutua kwa wepesi, kama msemaji anavyomaliza sentensi. Kwa Kimatumbi, lugha ya vilima vya Kipatimu wilayani Kilwa, kazi ingekuwa ngumu zaidi, kwa kuwa hiyo ni lugha ya toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe, na tuni iliyotungwa kiholela huweza kulivuruga neno zima. Kiswahili hakina toni ya namna hiyo, na hivyo humwachia mtunzi uhuru wa kupanda na kushuka apendavyo maadamu ameheshimu mkazo.

Maarifa haya yote hayamo katika ukurasa, bali katika watu walioimba muda mrefu. Mvulana anayeanza kwaya ya shule huimba sauti ya kwanza au ya pili, na anapobalehe na sauti yake kuwa nzito huhamia sauti ya tatu au besi, akalazimika kujifunza upya wimbo uleule kutoka upande wa chini. Baada ya miaka arobaini ya kuimba, mtu huyo hubeba kichwani safu mbili au tatu za kila wimbo wa zamani, pamoja na marekebisho yote ambayo walimu waliopita waliyafanya kwa mdomo bila kuyaandika. Sauti ya kwanza inapoyumba katika ubeti wa tatu, yeye aliye nyuma kwenye besi huiacha safu yake kwa mapigo mawili, akawapa wasichana neno lao na mkazo wake, kisha akarudi chini.