Fundi Anayepanga Mwanga

Jengo lenye paneli ya kuongoza taa huonekana limekamilika siku nyaya zinapokwisha kuvutwa na taa zote zinawaka. Kwangu mimi, hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza. Ukutani pana vitufe vinne au vitano: Mapokezi, Chakula, Mkutano, Usiku. Mgeni hubonyeza kimoja, taa hizi zikapanda, zile zikashuka, nyingine zikazimika, naye akaendelea na mazungumzo yake. Aliyepanga mwanga huo kwa subira ndiye ninayetaka kumsifu.

Mfumo mmoja uliozoeleka duniani katika kazi hii ni DALI. Nyaya mbili hubeba maagizo hadi kwenye vifaa 64, kila kimoja na anwani yake, na kila kifaa huweza kukumbuka mipangilio 16. Lakini anwani hizo mfumo huzigawa kiholela: namba 7 yaweza kuwa mlangoni na namba 8 ikawa jikoni. Kwa hiyo fundi huwasha taa moja baada ya nyingine, akatembea kuitafuta inakonyeza-konyeza wapi, akaiandika kwenye ramani ya jengo. Akiruka moja tu, siku ya karamu taa ya ngazini itazimika watu wakiwa wanashuka.

Kisha huja kazi ya jicho. Jicho halihesabu mwanga kama mita inavyouhesabu. Taa ikishushwa hadi asilimia 10 ya nguvu yake, jicho huiona kama imebakiwa na karibu thuluthi. Ndiyo maana fundi mzuri hapangi mwanga wa usiku saa sita za mchana. Husubiri jua lizame, viti viwe vimeshawekwa, akaketi pale atakapoketi mwenye nyumba na kutazama. Hupanga hata muda wa kufifia: sekunde moja kwa anayeingia na mizigo, sekunde 90 kwa chumba kinachoelekea usingizini.

Hapa kisiwani Pemba, ufundi huu una somo lake. Hadi mwaka 2010, ulipowasili umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli, na anayeishi huku anajua kuwa umeme hukatika na kurudi saa usiyoitarajia. Sasa, kifaa cha DALI kikiachwa kilivyotoka kiwandani, umeme ukirudi taa huwaka kwa nguvu zote. Wagonjwa wa wodi nzima wataamka saa nane za usiku. Fundi anayejua anapofanyia kazi hubadilisha agizo hilo mapema, taa zirudi kwa mwanga hafifu. Hakuna atakayemshukuru, kwa kuwa hakuna atakayejua. Huo ndio ufundi ninaouheshimu kuliko wote.

Twende hadi Kigomasha, kaskazini ya kisiwa. Hoteli ya Manta ina chumba kinachoelea baharini, kilichobuniwa na Msweden Mikael Genberg na kufunguliwa mwaka 2013. Kitanda chake kiko karibu mita nne chini ya maji. Usiku, taa zilizo chini ya madirisha huwavuta ngisi na viumbe wengine waje hadi kiooni, uso kwa uso na mgeni. Pale, kuvuta ndiyo kazi ya taa. Lakini kwenye fukwe za kisiwa cha Misali, ambako kasa hutaga, taa kama hiyo ni balaa: mtoto wa kasa akitoka kwenye yai hukimbilia upande wenye mwanga zaidi, akidhani ndiko bahari iliko. Jengo lililo karibu na ufukwe wa namna hiyo linahitaji kitufe cha msimu wa kasa: taa za baharini zizimwe, zinazobaki ziwe chini, zenye kinga, za rangi ya kaharabu. Hakuna kitabu cha maelekezo kitakachomwambia fundi lini abadilishe. Lazima aulize wavuvi na walinzi wa fukwe.

Basi nawe unayejenga hoteli, zahanati au ukumbi hapa Pemba, usimuage fundi wako siku taa zitakapowaka. Mwite tena baada ya mwezi, usiku, watu wakiwamo ndani, umlipe kwa usiku huo, naye arekebishe mipangilio kwa maisha aliyoyaona.