Maiti Kwenye CT Kabla ya Kisu

Bern, Uswisi. Maiti inaingizwa kwenye mashine ya CT ikiwa bado ndani ya mfuko wake, zipu imefungwa. Marehemu hapumui wala hatikisiki, na hakuna tena wa kumhofia mionzi. Picha huweza kutoka safi kuliko za mgonjwa aliye hai.

Mradi huu wa kutafuta sababu ya kifo kwa picha, Virtopsy, uliongozwa na Richard Dirnhofer na Michael Thali. Mwaka 2003 walitoa matokeo ya maiti 40 zilizopigwa picha za CT na MRI, kisha zikapasuliwa. Upasuaji ulibaini sababu 47 za vifo. Picha pekee zilibaini 26.

Picha zina ubabe wake: risasi, mfupa uliovunjika, na hasa hewa. Mtu akikatwa shingo, hewa huweza kufyonzwa mshipani hadi moyoni ikamuua. Daktari akishafungua kifua, hewa hiyo hupotea kwa urahisi. CT huionyesha ilipo, nyeusi tii ndani ya chumba cha moyo. Lakini lazima maiti iwahiwe, maana ikianza kuoza nayo huzalisha gesi yake.

Udhaifu mkubwa ulikuwa moyo. Mwaka 2012 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa maiti 182 uliofanyika Manchester na Oxford: CT ilipishana pakubwa na upasuaji kuhusu sababu ya kifo katika asilimia 32 ya maiti, MRI katika asilimia 43. Damu ikisimama, mishipa ya moyo iliyoziba haijitofautishi kirahisi.

Timu ya Guy Rutty, Leicester, ilitafuta njia. Shingoni huchanjwa chale ndogo, katheta ikapitishwa kwenye ateri ya kushoto ya shingo hadi mwanzo wa aorta, kisha hewa na dawa inayong'aa kwenye picha vikasukumwa kwenye mishipa ya moyo. Mwaka 2017 waliripoti kwamba njia hiyo iliwezesha kutaja sababu ya kifo kwa asilimia 92 ya maiti walizochambua. Kwa familia za Kiislamu na Kiyahudi, zinazotaka kuzika haraka na mwili ukiwa mzima, hiyo ni heshima kubwa, na inastahili kugharamiwa.

Kisu hakijastaafu. Utafiti huohuo wa Leicester ulionyesha kuwa upasuaji ndio uliokosa zaidi majeraha na damu iliyovujia ndani, ilhali picha zilikosa zaidi donge la damu lililoziba mapafu, kwani damu huganda yenyewe baada ya kifo, na ni vigumu kuitofautisha na donge hilo. Sumu nayo kwa kawaida haionekani kwenye CT. Damu na mkojo bado huchukuliwa kwa sindano na kupelekwa maabara.