Vina, Mizani na Kiini cha Shairi

Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, wapenzi wa ushairi wa Kiswahili wamegawanyika. Baadhi hushika mafundisho ya Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha sheria za utunzi, cha mwaka 1954, kiliweka vina na mizani kuwa nguzo za shairi. Wengine huziona sheria hizo kuwa pingu.

Mvutano huu baina ya umbo na kiini hauwahusu washairi peke yao. Katika dini, Waislamu hufundishwa kwamba amali hupimwa kwa nia. Naye nabii Isaya aliwakemea waliotoa sadaka huku mikono yao imejaa damu. Katika maadili, Kant alidai kwamba kanuni ya tendo jema sharti iweze kuwa sheria kwa watu wote. Hegel akajibu kuwa kipimo hicho ni kitupu. Katika hisabati, Hilbert alitaka kuthibitisha kwa kanuni za alama kwamba hisabati haijipingi. Mwaka 1931 Gödel akaonyesha kwamba mfumo wa kanuni wenye kutosha kubeba hesabu, usiojipinga, hauwezi kuthibitisha kila kauli iliyo ya kweli. Hata hivyo, wanahisabati hawakuutupa uthibitisho. Walitambua tu mpaka wake.

Nasi tuupime ushairi hivyo hivyo. Hapa Karusandara, wanafunzi wengi huzungumza Kikonzo au Kitooro nyumbani. Kwao mizani ina faida kubwa: aliyezoea kusema "omundu" au "omuntu" hujifunza kwa sikio kwamba "m-tu" ni mizani mbili. Lakini tukimpa alama zote kwa kuwa kila mshororo umetimia mizani 16, ilhali nusu ya maneno ni ya kujazia, tunamfundisha kuhesabu, hatumfundishi kutunga.

Wala tusidhani kwamba shairi huru halina umbo. Kezilahabi huukata mstari mahali alipokusudia, hurudia neno kwa sababu, na hujenga taswira kwa mpango. Asiyeweza kueleza kwa nini mstari wake umeishia pale ulipoishia hajapata uhuru bado.

Kwa hiyo, tusahihishapo utungo wowote, tuulize maswali mawili: je, umbo lake limeshikwa? Na tukilivunja, maana gani itapotea? Ikiwa hakuna kitakachopotea, umbo hilo lilikuwa pambo tu, hata kama hesabu yake ni kamili.